Kiangazi cha Tabora Kina Raha Zake

Mama msomaji, ukisikia neno kiangazi unakumbuka nini? Sisi tunaoishi Tabora tukiulizwa hivyo mwezi wa Oktoba, hatuna simulizi nzuri. Tunakumbuka vumbi linaloingia hadi kwenye sufuria ya mboga. Tunakumbuka foleni ya ndoo bombani, bati linalolia juu ya vichwa vyetu saa 8 mchana, na watoto wanaogombana kwa sababu ndani hakukaliki na nje hakukaliki. Mvua zetu huanza Novemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo ni jua tupu. Juni na Julai usiku huwa na baridi ya kutafuta blanketi, lakini Septemba ikifika joto hupanda, na Oktoba ndicho kilele chake.

Kwa miaka mingi tulikichukulia kiangazi kama homa: unavumilia mpaka ikuache. Haikutujia akilini kwamba mtu anaweza kukifurahia pamoja na watoto wake, tena bila kutumia fedha nyingi.

Tunaposema "sisi" tuna maana ya akina mama watano wa kikundi kimoja kanisani. Wawili kati yetu ni wauguzi, mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mmoja anauza vitenge sokoni, na mmoja ni mama wa nyumbani ambaye, tukisema kweli, anafanya kazi kuliko sisi wanne wengine. Wote tuna waume na wote tuna watoto.

Aliyetufungua macho ni mgeni. Miaka kadhaa iliyopita tulifanya kazi wodini na muuguzi wa kujitolea kutoka Japani. Siku moja ya joto kali tulimwonea huruma, tukamwambia, "Pole dada, kwenu hakuna jua kama hili." Alicheka. Alituambia kwao Julai na Agosti joto ni baya kuliko la Tabora, maana limejaa unyevunyevu, nguo hushika mwilini mchana na usiku. "Lakini watoto wanalisubiri," alisema. Kisha akatueleza. Watu hutundika dirishani kengele ndogo ya kioo, na upepo mdogo ukipita inalia, na mlio wake unamfanya mtu ahisi ubaridi. Wanaparuza barafu mpaka inakuwa laini, wanaimwagia sharubati tamu. Jioni watu hutoka nje wakiwa wamevaa mavazi mepesi ya pamba kwenda kutazama fataki. Watoto hufungwa kitambaa machoni, wakapewa fimbo, wakaambiwa wapasue tikiti maji lililowekwa chini, huku wenzao wakipiga kelele za kuwaelekeza. Na jioni wanawake humwaga maji kidogo mlangoni ili kupoza ardhi.

Hapo ndipo tulipocheka sana. Maji mlangoni! Hivyo ndivyo mama zetu walivyotufundisha: nyunyiza maji uani kabla ya kufagia, vumbi lisitimke, na pakauke pakiwa pamepoa. Maji yanapokauka huondoka na joto la ardhi, ndiyo maana uwanja ulionyunyiziwa unakalika. Tofauti ni kwamba sisi tunaita kazi, wao wanaita starehe.

Maneno hayo yalibaki moyoni. Mwaka uliofuata tukasema na sisi tujaribu.

SAFARI YETU YA KWANZA

Jumamosi moja ya Oktoba tuliamua kuwapeleka watoto Kwihara kwa miguu, wakaone tembe alimokaa Dk. Livingstone. Ni kama kilomita 6 kutoka mjini. Watoto walikuwa 11, pamoja na sisi tukawa watu 16. Tulibeba viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, mkeka na dumu moja la maji la lita 5.

Bila shaka mama msomaji umekwisha kuona makosa. Sisi hatukuyaona. Tulikuwa tumepanga kuondoka alfajiri, lakini huyu alitaka kwanza amalize kufua, yule alikuwa anasubiri maziwa, na mwingine mume alikuwa hajanywa chai. Tulianza safari saa 4 asubuhi. Na dumu la lita 5 kwa watu 16 katika jua la Oktoba si maji, ni harufu ya maji.

Mtoto wa mwenzetu, mvulana wa miaka 7, alikuwa mbele ya wote akikimbizana. Baadaye akawa nyuma. Kisha akawa kimya. Mama yake alidhani anadeka. Wauguzi wawili tulikuwa pale, na wote wawili tulikuwa tunazungumza habari za harusi. Tuligeuka tuliposikia watoto wakisema, "Amekaa chini." Alikuwa ametapika, midomo imekauka, anajaribu kusimama na miguu inayumba. Tulipomuuliza mara ya mwisho amekojoa lini, alisema asubuhi nyumbani.

Tulimbeba hadi chini ya mwembe. Tukamvua shati, tukalowesha khanga kwa maji yaliyobaki tukamfunika, wengine wakimpepea kwa kanga kavu. Maji ya kunywa yakawa yamekwisha. Bibi mmoja wa nyumba ya karibu alituona, akaja na ndoo na kata, na tulipomwomba akarudi ndani kuleta sukari na chumvi. Tulichanganya kwa kipimo, tukamnywesha kijiko baada ya kijiko. Baada ya kama saa moja alikojoa, akaomba kiazi. Kila mtu alicheka isipokuwa mama yake, ambaye alikuwa analia.

Bibi alituangalia mmoja mmoja. Tukamwamkia tena shikamoo kwa aibu, maana tulipofika tulikuwa hata hatujamsalimu vizuri. Akajibu marahaba, kisha akasema: "Wanangu, hii ni njia ya wapagazi. Wao walikuwa wanaondoka kabla ya jua. Jua likifika utosini, mizigo iko chini na watu wako kivulini. Ninyi mmetoka saa ngapi?"

Hatukumjibu. Tembe hatukuliona siku hiyo. Tulikodi bajaji mbili kwa awamu tukarudi nyumbani. Baba wa mtoto alikuwa barazani. Alisikiliza habari yote bila kupiga kelele. Alisema tu, "Wauguzi wawili," akaingia ndani. Baadaye alimwambia mkewe kwamba mtoto hatakwenda tena na kikundi hicho popote. Mwenzetu hakuja kwenye mkutano wetu wa wiki iliyofuata, wala wa wiki ya pili.

SAA ZA WAPAGAZI

Maneno ya bibi yalituchoma, tukaanza kuuliza na kusoma. Alikuwa sahihi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo hadi huku Unyanyembe, safari ya kama kilomita 800, ilichukua miezi mitatu hivi. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi. Watu wa namna hiyo wangetembea mchana kutwa kwa ushujaa wasingefika. Waliondoka kungali na giza au jua linachomoza, na kwa kawaida kabla ya adhuhuri walikuwa wamepiga kambi. Mchana ulikuwa wa kivuli, kupika na kulala. Jioni ilikuwa ya ngoma na hadithi.

Tena hawakuwa wanaume peke yao. Wake za wapagazi walikuwamo, wamebeba vyungu vichwani na watoto mgongoni. Katika msafara wa Livingstone alikuwamo Halima, mpishi wake, mke wa Amoda. Ndiye aliyekuwa jikoni Ujiji mwaka 1871 siku Stanley alipofika, na inasimuliwa jinsi alivyohangaika kwa kuona mgeni amekuja na chakula kipikwe upesi. Mama yeyote aliyewahi kupata mgeni bila taarifa anaweza kumwona Halima mbele ya macho yake.

Basi tukajiuliza: kama saa hizo ziliwafaa waliokuwa na mizigo, kwa nini zisitufae sisi wenye watoto? Tukaigawa Jumamosi yetu kama wao. Asubuhi na mapema kutembea. Mchana kivuli, wala mtu asione haya kulala. Jioni kukaa pamoja. Kufua kukahamia Ijumaa jioni, na watoto wakubwa, wa kiume kwa wa kike, wakapewa sehemu yao ya kufua. Hilo la watoto wa kiume lilileta maneno katika nyumba mbili. Yalikwisha.

Kwa mwenzetu tulikwenda wote wanne, tukaomba msamaha mbele ya mumewe. Hatukutetea lolote. Tulimwambia tumepanga kurudi Kwihara, tutaondoka saa 12 asubuhi, kila mtoto atabeba chupa yake na madumu matatu yatatangulia kwa baiskeli. Tukamwomba aje mwenyewe atukague. Alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Hiyo baiskeli ataiendesha nani?"

KWIHARA, MARA HII KWELI

Alikuja. Akaiendesha baiskeli mwenyewe na madumu yake, na kila baada ya nusu saa alisimama akaamuru watu wanywe, kama mnyapara. Tulikuwa Kwihara kabla ya saa 2 na jua lilikuwa bado la kirafiki.

Njiani tulipita kwa bibi na kumpa kilo moja ya sukari na khanga. Safari hii tulimwamkia kwanza, "Mwangaluka, bibi," mambo mengine baadaye.

Tembe la Kwihara ni nyumba ya udongo yenye kuta nene. Ile ya zamani ilikwisha kuharibika ikajengwa upya kwa mfano wake. Mtoto wa kwanza kuingia alitoka mbio akawaita wenzake, si kwa sababu ya Livingstone bali kwa sababu ndani kulikuwa na ubaridi. Udongo mnene huchelewa kupata joto, na kufikia wakati linapoanza kupenya ndani jua limekwisha kuzama. Tulitazamana sisi tunaoishi chini ya bati. Bibi zetu walijenga nyumba za namna hiyo, nasi tukaziona ni ushamba.

Stanley na Livingstone walifika Kwihara Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani. Livingstone, mzee na mgonjwa, alikaa akisubiri wapagazi ambao Stanley angewatuma, akasubiri mpaka Agosti 25. Watoto waliona ni jambo la ajabu mtu kungoja miezi mitano bila simu. Mwaka uliofuata alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, na akina Susi na Chuma wakaubeba mwili wake wakapita nao huku huku Unyanyembe hadi Bagamoyo. Halima alikuwamo katika msafara huo.

Tulipumzika chini ya miembe. Wazee husema miembe mingi ya njia hii ilitokana na kokwa zilizoachwa na misafara. Tulikuwa tumejiandaa kwa michezo na vitendawili, lakini msichana mmoja wa miaka 10 akauliza: "Watumwa nao walipita hapa?"

Tukajibu ndiyo. Akauliza tena, "Hata watoto?"

Mama msomaji, hapo mtu hutamani kubadilisha mazungumzo. Ilikuwa siku ya furaha, na viazi vilikuwa vinangoja. Lakini tulikubaliana kwa macho kwamba mtoto aliyeuliza ajibiwe. Mwalimu wetu alisema: ndiyo, hata watoto, na akina mama pia. Pembe za ndovu na watu waliotekwa walipitishwa katika njia hiyo hiyo wanayopita wapagazi wa kuajiriwa waliokuwa wanaimba. Wengine hawakufika pwani. Njia hii sasa imo katika orodha ya maeneo ambayo Tanzania ilipendekeza kwa UNESCO mwaka 2006 yawekwe katika urithi wa dunia, ili isisahaulike. Watoto walinyamaza. Yule msichana aliushika mwembe kwa kiganja, akautazama juu. Baada ya muda akauliza kama kiazi kipo. Hatukuona kwamba jibu hilo liliharibu siku. Watoto hawaogopi ukweli kiasi tunachodhani, wanaogopa zaidi wazazi wanaobabaika.

Baba mwenye baiskeli, ambaye kazi yake ni ya reli, akapokea kijiti. Aliwaeleza kwamba reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na tangu hapo mzigo uliobebwa kichwani kwa miezi mitatu ukasafiri kwa siku chache. Aliwaeleza juu ya vita vya kwanza vya dunia, jinsi fedha zilivyoadimika hata mwaka 1916 zikagongwa hapa hapa Tabora katika karakana ya reli: za shaba, na za dhahabu zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. "Sasa niambieni," akasema, "sarafu ndogo ya Wajerumani iliitwaje?" Hakuna aliyejua. "Heller. Ndiyo hela mnayoniomba kila siku." Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Mkewe alituambia baadaye kwamba hajawahi kumsikia akizungumza na watoto kwa muda mrefu hivyo.

Saa 4 tulikuwa tumeanza kurudi, kwa bajaji. Kutembea ni kwa kwenda tu.

MCHANA NI WA KIVULI

Tangu siku hiyo Jumamosi zetu za Septemba na Oktoba zina utaratibu, na si lazima kwenda mbali. Asubuhi nyingine tunaishia pembeni mwa msitu wa miombo. Kama hujawahi kuuona mwezi wa Septemba kuelekea Oktoba, mama, umepitwa. Ardhi ni kavu kabisa, mvua haijagusa kitu, lakini miti inachipua majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba kama vile ni maua. Watoto huokota majani na kokwa za kuchezea. Ikiwa ni msimu wake tunanunua kwa vijana wa barabarani matunda ya porini, furu au matonga. Asubuhi nyingine tunapita mjini tu: boma la Wajerumani, kisha Shule ya Wavulana Tabora aliyosoma Mwalimu Nyerere, na St. Mary's alikofundisha kuanzia 1946 hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Watoto wakubwa huwa tunawauliza habari za TANU na mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Wadogo wanauliza kama tunakwenda kununua barafu.

Na barafu ipo. Tunatengeneza wenyewe kwa ukwaju au ubuyu, maji yaliyochemshwa na sukari kiasi, tukagandisha katika vikombe vidogo kwenye friji ya mwenzetu mmoja. Siku umeme ukikatika tunainywa kama juisi. Chakula cha mchana hatupiki jua likiwa kali. Michembe na matobolwa zimekwisha tayarishwa tangu viazi vilipovunwa, zinaliwa na karanga au maziwa ya mgando. Ni chakula cha kiangazi cha Wanyamwezi tangu zamani, na tulikuwa tumeanza kukionea aibu mbele ya biskuti.

Asali ya Tabora sihitaji kuisifia, jina lake linajulikana kuliko letu. Lakini sisi wauguzi tuna neno moja: mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali hata ya kulamba. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda, navyo hulegeza misuli yake hadi kupumua. Wapo bibi wanaowapaka watoto wachanga asali mdomoni kwa nia njema. Mwambie kwa heshima.

Baada ya kula ni mkeka chini ya mti. Wasichana wanacheza mdako, wavulana bao, wengine wanalala. Na mama naye akae. Mwenzetu yule wa nyumbani alitushangaza siku ya kwanza. Alikaa, akanyoosha miguu, akasema, "Tangu nimeolewa sijakaa kivulini mchana bila kushika kitu mkononi." Ameolewa miaka 19. Tulimtazama mikono yake. Hata wakati anasema hivyo alikuwa anachambua mchele.

KABLA HUJATOKA NA WATOTO

Kwa kuwa tulikwisha kuaibika, turuhusu tuseme mambo ya afya kwa ukali kidogo. Mtoto hasemi kiu mpaka amechelewa, kwa hiyo mnyweshe kabla hajaomba. Mtoto aliyekuwa anacheza akawa kimya, ana midomo mikavu, mkojo mchache wa rangi ya chai au hana kabisa, huyo anaishiwa maji. Mpeleke kivulini na umpe kidogo kidogo maji ya sukari na chumvi: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko visawazishwe, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi ina madhara, hivyo ukiwa na mashaka ni afadhali pakiti za dawa hiyo kutoka dukani au zahanati. Beba pakiti mbili mkobani, ni nyepesi kuliko majuto.

Lakini mtoto ambaye mwili unawaka moto, anaongea maneno yasiyoeleweka, analegea au anashtuka degedege, huyo si wa kunyweshwa. Mloweshe maji mwili mzima, mpepee, na mkimbize hospitali huku mkiendelea kumpooza njiani. Usimfunike ukidhani ni malaria ya baridi.

Malambo pia. Joto likizidi vijana huenda kuogelea huko. Kuna kuzama na kuna kichocho, na kichocho hakionekani majini. Kama watoto wanataka maji, jaza beseni uani. Maji hayo hayo jioni yanamwagiwa mchicha au yananyunyizwa mlangoni, Kijapani au Kinyamwezi, upendavyo.

JIONI

Jioni ndiyo tunda la siku. Uwanja umenyunyizwa, mikeka imetandikwa, jiko la mkaa liko nje. Tunavaa nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu, ambao kiangazi hupungua lakini hawahami. Watoto wanacheza kombolela mpaka giza. Mwishoni mwa Oktoba tunawaonyesha Kilimia kikichomoza mashariki usiku, zile nyota zilizokusanyika kama vifaranga, na kuwaambia kwamba mababu waliziangalia kujua wakati wa kuandaa majembe umekaribia.

Jioni nyingine tunakwenda stesheni kutazama treni, maana hapa ndipo njia za Kigoma na Mwanza zinapoachana. Hakuna kiingilio. Watoto wanawapungia mikono watu wasiowajua, nao wanapungiwa.

Kengele ya dirishani tulitengeneza pia, kwa vizibo vya soda na uzi. Inalia kama sahani zinazovunjika, haipoozi mtu yeyote, na watoto wamekataa iondolewe.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mvua, mwaka jana, tulinunua tikiti maji kubwa. Watoto wote walijaribu na fimbo, kitambaa machoni, wakapiga vumbi tu. Ndipo wakamtaka baba wa yule mvulana. Alikataa, akabembelezwa, akafungwa macho na mwanawe mwenyewe, akazungushwa mara tatu. Watoto wakapiga kelele: kulia, baba, kushoto, mbele! Alitembea kwa uhakika wa mtu wa reli, akainua fimbo, akapiga kwa nguvu zote. Alipiga dumu la maji. Lilipasuka, likatulowesha sote, akina mama na vitenge vyetu, na mvulana yule akawa anarukaruka katikati ya tope akimwambia baba yake ajaribu tena.